YAH: Malalamiko kuhusu milango na vioo vya Volkswagen Beetle yangu ya 1963

Ndugu Meneja,

Nimepiga simu mara nne na kufika karakana mara mbili, na kila mara nimejibiwa neno lile lile: raba mpya ni ngumu, itazoea. Sasa naandika, ili na jibu nalo lije kwa maandishi.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1963 mliyoipokea kwangu kwa kazi ya kufufua bodi: kubadilisha vizingiti vya milango vilivyoliwa na kutu, kupiga rangi, kisha kurudisha milango, vioo na raba zake. Rangi sina neno nayo. Aliyeipiga anaijua kazi yake, na naomba mumfikishie salamu zangu. Malalamiko yanaanzia pale rangi ilipokauka.

Mlango wa dereva haufungi. Sifa ya gari hili naijua: limebana kiasi kwamba vioo vikiwa juu, hewa ya ndani huusukuma mlango nje, na wenye nalo huteremsha kioo kidogo kabla ya kufunga. Nimeteremsha vioo vyote viwili, na mlango bado unataka bega. Nikachukua ukanda wa karatasi, nikaubana kati ya raba na bodi, nikafunga mlango na kuuvuta, nikarudia hivyo kuzunguka mlango mzima. Juu, upande wa nyuma, karatasi ilichomoka kama haikushikwa na kitu. Chini, karibu na bawaba, ilikatika. Raba ikiwa ngumu hubana kotekote; haibani pembe moja ikaisahau nyingine.

Nikapima pengo la nyuma ya mlango. Juu ni milimita 3, chini ni 8. Nikaufungua mlango nikauinua kwa mikono miwili nikitafuta ulegevu kwenye bawaba: haupo, na pini zake ni mpya, mlizitia ninyi wenyewe. Kama mlango haujalegea, basi nafasi yake ndiyo iliyobadilika umbo. Na sababu nadhani nimeiona kwenye picha mliyonitumia kwa furaha mwezi wa pili wa kazi. Bodi imetolewa kwenye chasisi, imewekwa juu ya stendi mbili, moja mbele na moja nyuma. Vizingiti vyote viwili vimekatwa. Hakuna hata bomba moja la chuma lililochomelewa kuvuka nafasi za milango.

Katika gari hili kizingiti si pambo. Kinaibeba bodi, na ndani yake ndimo inamopita hewa ya moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma. Ukikikata bila kuifunga bodi isicheze, katikati panashuka, na nafasi ya mlango inabana juu na kupanuka chini, sawasawa na vipimo nilivyowapa. Kazi hiyo hufanywa bodi ikiwa imefungwa bolti kwenye chasisi, kizingiti kimoja baada ya kingine, na milango hupachikwa mitupu, bila kioo wala raba, kabla ya tone la kwanza la rangi. Mlango ukikataa hapo, unarekebisha chuma. Ninyi mliipachika baada ya rangi, na naelewa kwa nini hakuna aliyethubutu kugusa chuma tena. Mkasogeza kidaka cha komeo mpaka mwisho wa tundu zake, mkaiachia raba lawama.

Kioo cha mbele ni habari nyingine. Beetle zilizotoka kiwandani hadi katikati ya 1964 zina kioo cha mbele kilicho bapa. Kuanzia modeli ya 1965 vioo vilipanuliwa, na cha mbele kikapewa mpindo kidogo. Muuza raba yeyote wa magari haya huuliza mwaka kabla ya salamu. Raba niliyoikuta kwenye gari langu ni ya kile kioo kikubwa. Ilizidi urefu, basi ikakatwa.

Raba hii huja ikiwa pete nzima. Inavishwa kioo, kamba inazungushwa ndani ya mfereji wake, maji ya sabuni yanapakwa, kisha mmoja anavuta kamba kutoka ndani huku mwenzake akigandamiza kioo kwa viganja kutoka nje, na mdomo wa raba unaukumbatia ukingo wa bati kidogo kidogo. Ni kazi ya subira, na hakuna hatua yake inayohitaji kisu. Nimehesabu maungo mawili, moja likiwa juu ya usukani kabisa, yote yamejazwa silikoni inayonuka siki. Silikoni ya namna hiyo hutoa asidi inapokauka, na ikikuta bati lililo wazi, kutu huanzia hapo. Bati liko wazi: chini kushoto kuna alama tatu za bisibisi kwenye ile rangi niliyoisifu. Nilipomwaga maji juu ya paa, yalishuka nyuma ya dashibodi hadi miguuni pa dereva. Fundi wenu aliniambia, "Mzee, gari la zamani lazima livuje kidogo." Kijana huyo simlaumu, labda ndivyo alivyofundishwa. Ila gari hili lilikuja kwenu na kutu ya chini. Kwa kioo cha mbele lilikuwa halijavuja hata siku moja.

Vioo vya milango. Cha dereva kinapanda kimeinama, kwa kuwa ukanda wa manyoya unaokiongoza kwenye nguzo ya kidirisha cha pembetatu haukuwekwa. Kinasuguana na chuma kitupu na tayari kina mikwaruzo miwili ya wima. Raba za kufuta maji mmefunga za nje tu. Maji kuingia ndani ya mlango si kosa, hupita kando ya kioo na kutokea kwenye vitundu vya chini. Lakini vitundu vyenyewe mmevijaza puti na kuvipaka rangi. Nilipofungua ubao wa ndani nikakuta nailoni ya kuzuia unyevu haikurudishwa na ubao umeshaanza kuvimba. Mlango wa dereva niliutoboa kwa msumari nikiwa na beseni. Wa abiria sijaugusa, utikiseni mbele yangu msikie.

Hayo yote yanatengenezeka. Linaloninyima usingizi ni kioo cha mlango wa abiria, kwa sababu si changu. Changu kilikuwa na alama ya Sekurit, jina la kioo cha usalama, pembeni, nami nina picha yake niliyoipiga siku ya kuwakabidhi gari. Kilichopo hakina alama yoyote, na ukingo wake umekatwa na kusuguliwa kwa mkono. Kioo cha pembeni kilichoimarishwa kwa joto hakikatiki tena baada ya kuimarishwa. Ukijaribu kinageuka punje. Kwa hiyo kilichokatwa namna ile kinaelekea kuwa kioo cha kawaida, kile ambacho kikivunjika hutoa mapande marefu yenye ncha. Anayekaa kiti hicho ni mke wangu. Cha kwangu kilivunjika, kilipotea, au kiko kwenye gari la mtu mwingine? Swali hili nataka lijibiwe peke yake.

Punguzo mlilonitajia kwenye simu nimelikataa, na nalikataa tena hapa. Nataka vioo vyote vitoke, milango ivuliwe, na nafasi za milango zirudishwe kwenye umbo lake bodi ikiwa juu ya chasisi. Milango ikipachikwa mitupu nataka niwepo, kabla hamjagusa brashi. Baada ya hapo rangi irudiwe palipoguswa, raba ya mwaka sahihi iingie bila kisu wala silikoni, na kioo changu kirudi, au kingine chenye alama. Nipeni jibu la maandishi ndani ya siku 14, likieleza mtaanza lini. Asilimia 30 ya malipo iliyobaki nitaitoa siku ukanda wa karatasi utakaposhikwa sawasawa kuzunguka milango yote miwili.

Gari liko kwangu, chini ya paa, mlango wa dereva ukiwa umefungwa kwa kamba. Mkija kulichukua njooni na gari la kubebea, kwa maana sitaliendesha likiwa na kioo kile. Nimeambatanisha picha 11 na kipande cha karatasi kilichokatika.

Wenu,
Mwenye Beetle ya 1963