Barua kwa mwanangu: punguza vijiji, ongeza siku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kondoa hatujambo, ila mguu wa bibi yako unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi.

Ule mpango wa safari ulionitumia juzi nimeusoma mara tatu, na furaha niliyoipata siwezi kuificha. Umekaa Dar miaka minne, nikadhani milima ya Irangi imeshakutoka moyoni. Kumbe unataka kuwaleta wenzako saba waipande kwa miguu, walale kijijini, wale tunachokula. Nilimsomea bibi yako, akauliza kwanza kama hao wenzako wameshawahi kutembea kwenye mchanga wa korongo. Swali lake ni la maana. Mchanga ule unachosha kuliko mlima wenyewe.

Lakini mpango haujakaa sawa, na ni bora nikwambie mapema kabla hamjakata tiketi. Umeandika Kolo, Pahi, Masange, Haubi, Mnenia, vyote kwa siku tatu. Mwanangu, vijiji vitano! Mtasalimiana na watu saa ngapi? Nitakusimulia jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwachukua wenzangu sita nikawapeleka nyumbani kwa bibi yako bila taarifa. Ulikuwa wakati wa kupura uwele. Bibi yako na majirani zake wakaacha kazi, wakawasha moto, kuku wawili wa mayai wakachinjwa. Wenzangu wakala, mmoja alikuwa na kamera akapiga picha za mtungi na kinu, alasiri ikawakuta wameshapanda gari. Usiku bibi yako akaniuliza, "Wale walikuja kuona nini?" Sikuwa na jibu. Asubuhi tukakuta kuku wa jirani wameudonoa uwele ulioachwa wazi uwanjani. Hakunigombeza, na mpaka leo kule kutonigombeza ndiko kunakoniuma.

Kwa hiyo nakuomba uchague kijiji kimoja. Laleni kwa mama mdogo wako, upande wa Pahi, siku nne au tano, na kila asubuhi mtoke kwa miguu, jioni mrudi palepale. Siku ya kwanza watu watawaona wageni. Siku ya tatu mtoto atakuja mwenyewe kumvuta mwenzako mkono akamwonyeshe kiota cha ndege. Hiyo siku ya tatu ndiyo unayoitafuta, na kwenye mpango wako wakati huo mngekuwa tayari njiani kurudi.

Halafu umeandika Oktoba. Oktoba usilete mtu. Unajua mvua zetu ni za msimu mmoja tu, zinaanza Novemba au Desemba, Aprili zimeisha. Ikifika Oktoba jua linaunguza, visima vimezama, na maji ya kuoga ya watu wanane ni mzigo wa kichwa cha mtu. Kumbuka mama mdogo wako anavyoteka kule mtoni. Anapiga magoti kwenye mchanga mkavu, anachimba kwa kata mpaka mkono unazama begani. Maji ya kwanza yanakuja meusi, anayamwaga pembeni. Ya pili yana rangi ya chai ya maziwa, nayo anayamwaga. Anakaa, anasubiri mchanga uchuje. Ya tatu ndiyo anayoyateka, kata baada ya kata, akiiinamisha polepole yasitibuke, mpaka ndoo ya lita 20 ijae. Kisha anajitwisha na kupanda nayo. Mwenzako yeyote atakayemwaga maji ya kunawia ovyo, mpeleke akachote mara moja tu.

Njooni mwisho wa Juni au Julai. Uwele unavunwa, kwa hiyo kutakuwa na kazi ya mikono, na mgeni anayeshika mpini wa kupuria haulizwi tena amekuja kuona nini. Usiku ni baridi kali, waje na mablanketi na masweta. Chakula kitakuwa ugali wa uwele na mlenda, kunde, maziwa mgando yakipatikana, asali ya huku milimani. Waambie mapema kwamba mlenda unateleza, wasishtuke mbele ya mwenye nyumba. Na Ijumaa adhuhuri msipange kumtembelea mtu, wazee watakuwa msikitini.

Sasa michoro ya mapangoni, maana najua ndiyo iliyowavuta wenzako. Eneo lile lina mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro, limetapakaa kilomita za mraba 2,336, na UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey, mwanaakiolojia, alikaa huku mwaka 1951 akiinakili michoro hiyo, na wazee wetu waliwahi kutusimulia habari za mama wa Kizungu aliyeshinda mapangoni na makaratasi. Anzeni ofisi inayosimamia michoro pale Kolo, lipeni, pokeeni risiti, mpewe mtu wa kuwaongoza. Nendeni pango la Mungomi wa Kolo, mpande ule mwinuko wa mwisho taratibu. Mtaona watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, vichwa vikubwa, na wanyama. Halafu sehemu nyingine mtaona michoro myeupe, minene, iliyochorwa baadaye na wakulima.

Hapo pangoni nakuomba uwe mkali kwa wenzako. Wasiguse ukuta. Wasiumwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Wageni wa zamani walifanya hivyo na wameiharibu. Na wakikuta mabaki ya tambiko, wasichokonoe. Pale watu wanakwenda mpaka leo kuomba mvua na kuomba wagonjwa wapone. Wewe umelelewa kwenye swala, mimi pia, lakini bibi yako mzaa bibi alipanda mlima ule mwaka wa ukame, na sitaki mtu asimame pale akiongea kwa sauti kama yuko sokoni.

Kuna sentensi moja kwenye mpango wako imenikera, nayo ni ile ya "kuwaona Wasandawe". Wasandawe hawapo njiani kwenu. Wengi wako upande wa Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba, na lugha yao yenye vidoko si kitu cha kuombwa mtu aiseme watu wasikilize na kucheka. Ukitaka kwenda kwao, panga safari nyingine, utafute mwenyeji wa kwao. Hii futa.

Jioni moja mwacheni mjomba wako awasimulie habari za HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Wenzako watapita kwenye vilima vyenye miti wadhani ndivyo vilivyokuwa siku zote. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Vilima vilikuwa vyekundu kama kidonda, makorongo yanakula mashamba kila masika. Mradi huo ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondoke eneo lililoharibika. Babu yako alitoa ng'ombe alfajiri, akiwaita mmoja mmoja kwa jina mpaka akapotea kwenye vumbi. Kibuyu cha maziwa kikabaki kimening'inia ukutani, na bibi yako aliendelea kukipangusa kila wiki kana kwamba kesho kitatiwa maziwa. Miti ikaota. Mimi naipenda miti hiyo, na bado nikipita chini yake nawakumbuka wale ng'ombe. Wenzako wakiyajua haya, mlima watauangalia kwa jicho lingine.

Mambo ya ofisi ni mafupi. Mkifika, kabla ya kutua mizigo, nendeni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, mjiandikishe kitabu cha wageni, mseme mko wangapi na mtalala kwa nani. Nitatangulia kuwaambia, lakini kutanguliwa hakuwaondolei kwenda wenyewe. Kijana wa kuwaongoza njia za mlimani mlipeni kwa siku, mkubaliane kabla. Mama mdogo wako atakataa fedha mkimpa usoni. Nipe mimi, nitazipitisha kwenye sukari, mafuta na kuni, na zitakazobaki nitamwekea kwenye simu yake. Picha ziombwe, hasa za watoto, na ziombwe kwa mzazi. Wasichana waje na kanga au kitenge. Pipi za kurusha kwa watoto sitaki kuziona.

Usafiri unaujua: treni ya umeme mpaka Dodoma, kisha basi la Kondoa, lami mwanzo mwisho. Laleni kwangu usiku wa kwanza. Godoro za watu watano zipo, mbili nitaazima kwa jirani, wewe utalala na bibi yako kama zamani.

Nijibu kabla ya mnada wa wiki ijayo wangapi hawali nyama na kama kuna mwenye pumu, maana kupura uwele kuna vumbi. Nataka ninunue mtama wa akiba na blanketi mbili. Bibi yako ameanza kusuka ungo mpya, anasema ule wa zamani haufai kuwekewa wageni.

Mama yako akupendaye