Kabla hujaenda Musoma, wapigie simu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Habari ya kazi ya Musoma imetufurahisha sana hapa nyumbani. Mama yako ameshawatangazia wanakwaya wenzake wote, kwa hiyo usije ukabadili mawazo. Ila kuna jambo ulilitaja harakaharaka kwenye simu, nami sikulipenda. Ulisema kile kiwanda cha minofu ya samaki cha huku Mwanza, ambacho ulishakikubalia kuanza mwezi ujao, "watajua wenyewe siku ya kuripoti ikifika."

Hapana. Wapigie kesho asubuhi.

Mimi nimestaafia ofisi ya utumishi ya kiwanda cha aina hiyohiyo, kwa hiyo nikwambie mambo yanavyokwenda huko ndani. Mtu akishakubali kazi, waliomfuatia kwenye usaili wanaambiwa nafasi imejaa. Jina lake linaingizwa kwenye zamu, msimamizi anapanga watu wake akimhesabu na yeye. Siku inafika, sangara wanashushwa kutoka visiwani wakiwa kwenye barafu, na penye ukaguzi wa ubora hakuna mtu. Samaki hangoji. Atakayeunganisha zamu mbili siku hiyo si mkurugenzi, ni binti kama wewe, na huenda ana mtoto mchanga nyumbani. Halafu yuko yule aliyeshika namba mbili. Ukisema leo, bado wanaweza kumwita. Ukinyamaza mwezi mzima, atakuwa ameshajikatia tamaa na kurudi kwao Magu.

Ukipiga, sema kweli na usirefushe: umepata nafasi nyingine, umeichukua, unawashukuru, na unaomba radhi kwa usumbufu. Kisha andika hayohayo kwa barua pepe wapate cha kuweka kwenye faili. Mshahara wa Musoma usiutaje, maana wataona unataka wapandishe dau. Wala usijisingizie ugonjwa. Kuna kijana kazini kwetu alimzika bibi yake mara mbili ndani ya mwaka mmoja, bibi yuleyule mzaa mama. Mara ya pili tulimpa pole vilevile, lakini barua zote mbili zilikuwa kwenye faili lake.

Utaniambia waajiri nao hawajibu. Ni kweli kabisa. Mtu anakwenda usaili Nyakato kwa nauli ya kuazima, anakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, halafu kimya mpaka leo. Huo ni utovu wa adabu na mimi siutetei. Lakini hawa hawakukufanyia hivyo. Walikupa jibu siku ileile waliyokuahidi.

Kuhusu kazi uliyo nayo sasa hapo Bukoba, nasikia Musoma wanakuharakisha, nawe unataka kuikatisha notisi ya kuacha kazi. Usiikatishe. Wewe unalipwa kwa mwezi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, tena ya maandishi. Ukiacha kazi katikati ya siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata fedha ya siku ulizoacha kufanya kazi kwenye stahiki zako. Waeleze Musoma tarehe utakayokuwa huru. Wakikasirika kwa hilo, mimi ningeanza kuwatilia shaka wao. Na usipande meli bila cheti chako cha utumishi. Hicho si fadhila, ni haki yako kisheria, kidai hata kama bosi wako amenuna.

La mwisho ni la wadhamini. Mwalimu wako wa chuo cha uvuvi Nyegezi alinisimamisha hapa Mwaloni akiwa ananunua dagaa. Alipigiwa simu kutoka Musoma kukuulizia, naye hakuwa na habari kwamba umemwandika mdhamini. Alikusifia hivyohivyo, tena sana. Lakini hajui kama umepata kazi, na mimi sikumwambia, kwa sababu si mimi ninayepaswa kumwambia. Namba yake mpya mama yako anayo.

Baba yako