Turungi nayo imefaulu kipimo cha mlonge

Mhariri,

Juzi nikiwa kwenye matatu ya Kayole, kabla haijajaa, aliingia mchuuzi na paketi za unga wa mlonge, au moringa kama wengi tunavyouita. Shilingi 200 kila moja. Alitaja antioksidanti, akataja radikali huru (chembe kali zinazodhuru seli za mwili, ambazo antioksidanti huzizima), akamalizia kwa neno la kufunga biashara: "Imepimwa maabara!" Abiria watatu wakanunua.

Hakusema uongo, na hapo ndipo penye taabu. Mimi ni fundi wa maabara na kipimo hicho nimekifanya mara nyingi. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa katika methanoli, kisha huchujwa. Matone ya kilichochujwa hutiwa kwenye kemikali iitwayo DPPH, yenye rangi ya zambarau iliyokolea. Antioksidanti zikiwemo, zambarau hufifia ikawa manjano, nasi tunapima imefifia kiasi gani tukilinganisha na vitamini C. Ni kipimo cha kupendeza kutazama, sikatai. Lakini majani mengi sana hukifaulu: managu, terere, mpera, mwarobaini. Hata turungi, chai isiyo na maziwa, ya kibandani hufaulu vizuri, na sijaona mtu akipanda matatu kuiuza kama dawa ya kisukari.

Katika neli ya kioo, majani hukutana na kemikali ana kwa ana. Mwilini kuna tumbo, utumbo na ini; sehemu kubwa ya antioksidanti za majani haifyonzwi, na kile kidogo kinachofyonzwa hubadilishwa upesi. Tena methanoli ni sumu. Jikoni tunachemsha kwa maji, nayo hayatoi vitu vile vile.

Ufini walijaribu kwa watu. Wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti iliyosifiwa sana wakati huo. Matokeo yalipotolewa 1994, saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 18 kwa waliovimeza.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jirani yangu, mama mwenye kisukari, aliyeacha dawa zake miezi miwili akikoroga unga huo kwenye uji. Tulimkimbiza hospitalini usiku.

Mlonge wenyewe sina ugomvi nao. Ni mboga nzuri. (Na wale mnaochemsha managu kwa magadi kisha mkamwaga maji, vitamini C mmeimaliza kabla ya kufika mezani.)

Ombi langu ni dogo. Habari za utafiti wa majani zikifika kwako, mwandishi wako aulize: yalilowekwa kwa maji au kwa methanoli? Yalijaribiwa kwenye neli au kwa watu, na watu wangapi? Jibu likiwa ni neli, neno hilo liwe kwenye kichwa cha habari, lisifichwe aya ya mwisho.

Fundi wa maabara,
Kayole, Nairobi