Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Madereva Wanachama wa Teksi na Bajaji, Mwanza

Mzee wetu mlezi, wajumbe wa kamati, mabosi wachache wenye magari mliofika, na ndugu wanachama wote: Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Nianze na yale mnayoyajua ili tusichoshane. Kamati ilikaa kila mwezi isipokuwa Novemba. Tulizika wenzetu wawili, Mungu awapumzishe. Semina ya usalama barabarani ilifanyika na vyeti mnavyo. Kijiwe cha Nyegezi kimeezekwa bati. Reflekta ziligawiwa, na waliokwishauza za kwao tunawajua.

Fedha: wanachama ni 71, ada ya mwaka 24,000, tulipaswa kukusanya shilingi 1,704,000, tukapata 612,000. Mfuko wa maafa ulianza mwaka na 3,150,000; mkopo wa kununulia wanachama simu ulichukua 2,160,000, zimerudi 1,290,000, bado 870,000. Maelezo zaidi yuko nayo mweka hazina, msinisimamishe barabarani na abiria nyuma.

Sasa nije kwenye hilo la simu, maana najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, hata wale ambao sijawaona tangu uchaguzi wa viongozi.

Maneno yanayozunguka vijiweni ni kwamba mwenyekiti alichukua hela ya kuzikia watu akanunulia watu simu. Naomba tuwekane sawa. Suala hili liliitishiwa mkutano mkuu mwezi Aprili. Walikuja 19. Katiba yetu, ambayo baadhi yenu mliipigia makofi bila kuisoma, inataka nusu ya wanachama. Tukaitisha tena, mvua ikanyesha, wakaja 14. Kamati ikaamua kwa mamlaka iliyo nayo: wanachama 12 wakopeshwe simu janja ya shilingi 180,000 kila mmoja, warudishe kidogo kidogo, wajiunge na huduma za kuitwa mtandaoni. Mtu aliyekuwa amelala kwake siku ya kuamua hana haki ya kuja kuamka siku ya kulaumu. Na wazo lilikuwa langu, nasema bila majigambo. Kumbukumbu za kikao anazo katibu.

Kwa nini simu? Nilikuwepo pale lango la hospitali ya Bugando siku moja mama mmoja alipotoka na mgonjwa wake, kanga imefungwa kiunoni, bahasha ya picha za eksirei kwapani. Kijana wetu wa zamu akamtajia elfu kumi mpaka Nyakato. Yule mama hakubishana. Aligeuza simu akamwonyesha kioo: "Huku wameniandikia elfu sita, baba." Kijana akacheka, akamwambia asubiri hao wa elfu sita tuone. Haikupita muda bajaji ikateremka kutoka upande wa juu, ikampakia mama na mgonjwa wake, na foleni yetu ya magari manne ikabaki inatazama vumbi. Bajaji ile ilikuwa ya mwanachama wetu. Ndiye mliyetaka tumfukuze.

Ndugu zangu, abiria ameshahama. Uber, kampuni ya kuita gari kwa simu, iliingia Dar es Salaam mwaka 2016, wenzetu wa teksi kule wakagoma kimoyomoyo wakisema ni upepo wa muda. Leo hapa kwetu mwanafunzi wa chuo hajui namba ya dereva yeyote, anabonyeza tu. Anachokipenda sio bei peke yake. Anajua nauli kabla hajapanda, anaona jina na namba ya gari, na dada yake nyumbani anaweza kufuatilia safari. Hayo matatu sisi tungeweza kumpa tangu zamani, tukaona uvivu.

Sijasema huko mtandaoni ni peponi. Mnaonituhumu kwamba nimelipwa na kampuni, sikilizeni hesabu hii. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, waliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni, yaani makato ambayo kampuni inamkata dereva kwa kila safari. Mwezi Aprili mwaka huohuo Uber wakasimamisha huduma zao nchini. Baadaye ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 wakarudi. Maana yake safari ya shilingi 10,000, kwa asilimia 15 unakatwa 1,500. Kwa 25 unakatwa 2,500. Bado mafuta, bado bando, bado hesabu ya tajiri mwenye gari jioni, na tajiri hataki kusikia habari ya kamisheni. Wenzetu Kenya kanuni zao za 2022 ziliweka asilimia 18. Hizi ni namba zinazopangwa mezani, na mezani hakai dereva mmoja mmoja, kinakaa chama. Tatizo, chama chenye ada za watu ishirini na kitu kitakaa meza gani?

Kuna waliosema simu haijui Mwanza. Hapo nakubali. Mteja wa Mabatini juu kule kwenye mawe, ramani inakupeleka mpaka chini ya jiwe, nyumba iko juu ya kichwa chako, unapiga honi mpaka majirani wanatoka. Igogo na Bugarika vilevile. Lakini dereva wa kijiwe anajua njia inapoishia, anampigia mteja, anamwambia ashukie kwa muuza mkaa. Huo ujuzi wetu ndio mtaji, tuupeleke kule kule kwenye simu.

Mwingine alisimama akasema, si mliona mwisho wa Oktoba intaneti ilipozimika nchi nzima, wa simu wote walikaa? Ni kweli walikaa. Na ndiyo sababu kamati haikufunga kijiwe hata kimoja. Tulichofanya ni kuweka utaratibu: ukichukua abiria wa mtandaoni ukiwa kwenye foleni, zamu yako imekwisha, ukirudi unaanzia mkiani. Ukishaitika mtandaoni, usimpigie mteja ukamwambia afute safari mlipane mkononi ili ukwepe kamisheni; vijana wawili wamefungiwa na kampuni kwa mchezo huo, sasa wanakuja ofisini wananililia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyewapunguzia nyota.

Na zipo safari ambazo ni za mdomo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, mteja wa Sengerema haulizi tena kivuko, anauliza bei ya kwenda na kurudi na dereva wa kumsubiri msibani. Hiyo ni ya kupatana uso kwa uso. Bango la bei nililopendekeza libandikwe kila kijiwe lilibandikwa Kirumba tu, likachanwa. Aliyelichana yumo humu.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kuzungumza na mamlaka juu ya kamisheni, kuangalia uwezekano wa namba yetu wenyewe ya kupokea wateja, na Mungu akipenda bima ya afya kwa madereva. Uingereza, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kuwa madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Sisi tunaomba hata stakabadhi ya makato inayosomeka.

Wadaiwa wa simu ni watano na majina yako kwa mweka hazina. Sitayasoma leo kwa heshima ya wake zao waliokuja. Wamalize kabla ya mwisho wa mwezi. Ada za 2026 zinapokelewa kuanzia sasa pale mlangoni, na soda mtapewa baada ya kulipa, sio kabla.

Wabheja sana.

Mwenyekiti