Mhariri, mtajeni na yule anayevuta

Mhariri,

Tangu Biniam Girmay wa Eritrea ashinde pale Turin tarehe 1 Julai 2024 naona kurasa zenu za michezo zinaandika baiskeli, hongereni, maana kabla yake hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hatua, yaani mbio ya siku moja, ya yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Tour de France, afu akaongeza mbili na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi akaondoka nayo. Ila kila mkiandika mnataja jina moja tu, kama vile mshindi alikuwa peke yake barabarani.

Mimi nimebeba mkaa kwa baiskeli miaka mingi, tulikuwa tunatoka wanne alfajiri, wa mbele anakula upepo, sisi tumejificha nyuma ya gurudumu lake, akichoka anaingia mwingine. Ukiwa nyuma unakanyaga kama unateremka, ukitoka pembeni kidogo tu upepo unakupiga kifuani. Sasa wale wa Tour wanafanya hivyohivyo kwa spidi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, wanajipanga kama treni, mmoja anavuta mpaka miguu inagoma anajitoa, anashika mwingine, mpaka anabaki mvutaji wa mwisho na sprinta wake, yaani yule mwenye kasi ya kumalizia, na huyo akimwachia mapema mwenzie atakata pumzi kabla ya mstari, akichelewa wanazibiwa njia na timu nyingine.

Chukueni Carcassonne, Tour ya 2021. Mark Cavendish alishinda hatua yake ya 34 akamfikia Eddy Merckx aliyekuwa na rekodi ya hatua nyingi, kila mahali ni Cavendish Cavendish. Wa pili nani? Michael Mørkøv, mwenzake wa timu, yaani huyohuyo aliyemvuta, kakata upepo wote ule na bado sprinta wa timu nyingine hakuna aliyempita! Paris 2009 vilevile, nyuma ya Cavendish alikuwa mvutaji wake Mark Renshaw.

Simnyimi sprinta haki yake, zile mita 200 za mwisho hakuna wa kumsaidia, mabega yanagongana na akianguka anaumia yeye. Lakini wenyewe wanajua, zile euro 11,000 za mshindi wa hatua kwa desturi zinaingia kapu la timu wanagawana. Kama wao wanagawana hela, sisi tunashindwaje kugawa sifa?

Kwenye mpira mnaandika pasi ya goli katoa nani na dakika ya ngapi. Naomba na baiskeli muongeze mstari mmoja tu, kavutwa na nani.

Msomaji wenu, Morogoro