Dawa ikimkataa mtoto msimlaumu mama

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo niongelee pumu.

Nalea watoto wawili wenye pumu, mmoja wa kumzaa na mwingine wa wifi yangu. Wote wanatumia inhela ya bluu, ile salbutamoli, nawapulizia mwenyewe kupitia chupa ya maji ya nusu lita niliyoitoboa kitakoni. Wangu akivuta mara mbili tatu, dakika kumi hazijaisha anaomba chai. Mwenzie nampulizia weee, mbavu bado zinaingia ndani na shingo inacheza mpaka tukimbie hospitali, na tukifika naambiwa mbele za watu mama hujui kupuliza. Mkono ni huuhuu mmoja Mhariri, na chupa ni ileile!

Nikaanza kusoma, kumbe ishu ya vinasaba ipo kabisa. Hii dawa inashika kipokezi, yani kale kasehemu ka kuipokea dawa, kwenye misuli ya njia ya hewa ndo misuli ilegee, na jeni inayotengeneza hicho kipokezi, wanaiita ADRB2, inatofautiana kati ya mtu na mtu. Huko Marekani watoto wenye asili ya Puerto Rico wanateswa sana na pumu na ndo haohao salbutamoli inawasaidia kidogo kuliko wenye asili ya Mexico, ingawa wote wanaitwa Walatino, yani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2018 daktari Esteban Burchard wa San Francisco na wenzie walitoa utafiti waliosoma vinasaba vya watoto 1,441, wakiwemo Wamarekani weusi, wakakuta na jeni zingine zinahusika, yani siyo hiyo moja tu. Sa sisi Afrika ndo wenye vinasaba vya aina nyingi kuliko bara lolote na ndo tumepimwa kidogo, hilo linaniuma kweli.

Sisemi mtu aache dawa, hapana. Upulizaji ukaguliwe kwanza, wengi tunakosea, na mtoto asiachwe na bluu peke yake. Huyu wa wifi yangu alipoanzishiwa ile inhela ya kuzuia pumu isibane, ya steroidi, asubuhi na jioni, sasa hivi usiku analala. Ila tulishapoteza miezi tunagombezwa.

Kuna vile vibomba vya kupima nguvu ya pumzi, kliniki zivitumie. Mtoto apulize, apewe dawa, akae dakika 15, apulize tena, namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari lake. Isipopanda semeni dawa haijamkubali, tutafute nyingine.

Mama wa wawili, Dar es Salaam