Chati za kemia zinazouzwa mjini zimepitwa na wakati

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili mtaani Umoja, Nairobi. Muhula huu tuliletewa chati mpya ya jedwali la elementi, bado inanukia wino. Nilipoibandika ukutani, nikaona mraba wa 113 umeandikwa Uut na wa 118 Uuo. Vilikuwa vifupisho vya muda. Tangu Novemba 2016 elementi hizo zina majina rasmi: nihoniamu (Nh) na oganesoni (Og). Mtoto akiandika Uut kwenye mtihani, nani atamlipa alama zake?

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanataka kujua zaidi ya jina. Msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama atomu ya 113 inatoweka kabla mtu hajapepesa jicho, nani aliiona?"

Hakuna aliyeiona, na hapo ndipo utamu wa kemia ulipo. Kule Japani, katika taasisi ya RIKEN, Kosuke Morita na wenzake walirusha viini vya atomu za zinki, vyenye protoni 30, kwenye utando mwembamba wa bismuthi, yenye protoni 83. Jumlisha: 113, na idadi ya protoni ndiyo namba ya mraba kwenye chati. Lakini viini husukumana kwa chaji zao, na ni nadra mno viwili kushikana. Kuanzia 2003 hadi 2012 walipata atomu tatu. Tatu tu, kwa miaka yote hiyo!

Kila atomu ilitema chembe za alfa, moja baada ya nyingine, na kila chembe huondoka na protoni mbili: 113, 111, 109, 107, 105. Mitambo hunasa nishati ya kila chembe na muda ilipotoka. Mtafiti akifika kwenye kiini kinachojulikana tayari, anahesabu kurudi nyuma hadi kwa mzazi wake. Atomu ya tatu, ya Agosti 2012, ilishuka mpaka 101, elementi ya mendeleviamu iliyojulikana tayari, na ushahidi ukakamilika. Hesabu hiyo wanafunzi wangu waliifanya ubaoni wenyewe, wakishindana kushika chaki.

Nawaomba wachapishaji wachape upya chati hizi na waonyeshe mwaka wa toleo. Walimu wenzangu, kabla hamjalipa, angalieni mraba wa 113. Mkikuta herufi tatu, rudisheni.

Mwalimu wa kemia,
Umoja, Nairobi